Mkono Ndani ya Gunia

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa lugha ametuagiza tuandike shajara muhula huu mzima wa mvua. Amesema hatasoma siri za mtu; atafunua kurasa tu aone kama zimejaa. Mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama inaruhusiwa kuandika "leo mvua imenyesha" kila siku. Mwalimu akasema inaruhusiwa, ila kila siku iwe mvua nyingine.

Basi naanza. Mvua ya leo ilikuwa nyembamba, ya kuwachokoza walioanika nguo.

Nyumbani tuko wanne katika vyumba viwili. Baba ni mlinzi wa usiku. Hurudi jua likichomoza, akalala hadi alasiri. Kwa hiyo kwetu mchana ndio wakati wa kunyata. Tunanong'ona. Hata tukigombana, tunagombana kwa minong'ono. Mdogo wangu Kitinda alizaliwa akaikuta hali hiyo, na sasa hata akiwa nje ananong'ona, majirani wakampa pole ya koo.

Mama hupara samaki katika soko lililo kando ya mto. Huondoka alfajiri, Baba hajarudi. Shangazi, dada yake Baba, anakaa chumba cha pembeni katika nyumba hiihii na anafanya kazi meza moja na Mama. Sokoni wanamwita Koleo. Wengine wanasema ni kwa ajili ya koleo analovunjia miiba ya samaki, wengine wanasema ni kwa ajili ya mdomo wake. Mimi niko upande wa hao wa pili.

Jumatano, 6 Machi

Hesabu, sayansi, tope. Mvua nzito ya mchana ikatufungia darasani.

Jumamosi, 9 Machi

Jumamosi huwa nampelekea Mama chai sokoni. Naruhusiwa kutazama, siruhusiwi kushika. "Mkono wako ni wa kalamu," husema. "Ukiuchanachana hapa, huko shuleni utaandikia nini, mguu?"

Meza ni moja, ndefu, ya saruji, na wanawake hujipanga pande zake mbili. Mwenye meza ni Mama Mizani, maana na mizani ni yake. Wavuvi wakileta gunia hulifungua mdomo tu, na hapohapo mikono yote inaingia kwa pamoja. Kila mtu hupara alichokitoa mwenyewe, na samaki mmoja mkubwa ana faida kuliko rundo la wadogo. Hakuna anayetazama ndani. Mikono inapapasa kama watu waliopoteza ufunguo gizani. Katika kupapasa huko Mama ndiye bingwa, wanamwita Mkono Mwepesi. Gunia halijatua vizuri, yeye keshachomoa kambare mnene kama mguu wa mtoto. Nilisimama nyuma yake nikajisikia fahari.

Shangazi hungoja. Wenzake wakishamaliza ndipo anainama, anachungulia, anatoa vilivyobaki, perege wadogo wa miiba mitupu.

"Koleo, unawasalimia kwanza?" mmoja akamtania.

"Nawauliza wameshika nini," akajibu. "Nyinyi mnapeana mikono na msiowajua."

Kisha akaniita. "Wewe msomi, njoo. Macho hayachomwi. Tazama. Perege ana kitana mgongoni. Mkono uanzie kichwani, ushuke naye kuelekea mkiani, kitana kinalala chenyewe. Ukianzia mkiani umejichoma kwa hiari yako. Kambare naye ana miiba miwili ubavuni, nyuma ya kichwa. Mshike kwa nyuma, gumba chini ya mwiba huu, vidole viwili chini ya ule, kama unayemwinua mlevi kwa makwapa. Usimkabe. Ukimkaba anajipinda, akijipinda mwiba umeingia."

"Na kamongo, Shangazi?"

"Kamongo ana meno kama mkasi. Hata kichwa kikibaki peke yake, usikipe kidole. Mkunje kwenye gunia lililolowa, mgonge utosini, halafu ngoja. Ukimaliza kungoja, ngoja tena."

Niliona anajidai. Mama akanikonyeza. "Wifi yangu akianza darasa, jua linazama na samaki wanaoza."

Langoni kuna wanawake wanaosubiri nafasi mezani. Huwa wapo kila siku. Mmoja wao anaitwa Mama Pacha, mkono wake wa kulia haukosi kufichwa ndani ya mtandio. Nilimwamkia. Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za shule. Mama akanivuta. "Usisimame naye. Yule ana kijicho."

Mvua ya leo ilikuja na upepo, ikatupa maturubai ya wauza viazi barabarani.

Alhamisi, 14 Machi

Mto umevunja ukingo wa chini. Mama amerudi amechoka, hata viatu akasahau kuvua.

Jumamosi, 16 Machi

Maji yameingia kwenye matete, na samaki wamefuata maji. Leo magunia yalikuja moja juu ya jingine, na ndani yake wakaja gogogo. Huyu ni samaki mdogo wa kijivu, na ukimshika hulia kama jina lake. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni. Akiogopa huisimamisha na kuifunga kama komeo, na hata akifa haifunguki. Shangazi huivunja kwa koleo kabla ya kumgusa. Wengine hawana muda huo.

Gunia lilipofunguliwa, Mama aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nikaona bega lake limeruka. Alipoutoa, gogogo alikuwa ananing'inia kwenye shina la kidole gumba, amekufa zamani, miiba wima. Mama akageuka upande wa ukuta, akamvuta kwa nguvu, akamtupa chini ya meza. Niliyeona ni mimi tu. Akanitazama, akasema kwa midomo bila sauti: "Kimya." Kisha akarudi mezani, akaendelea kupara.

Sababu naijua. Mama Mizani ana sheria moja: kidonda na samaki havikai meza moja. Mnunuzi akiona jeraha haji tena, na akiondoka anaondoka na wenzake. Mwenye kidonda anakwenda nyumbani mpaka apone, na nafasi yake inapewa mtu wa langoni. Akipona, anasimama langoni yeye.

Jumatatu, 18 Machi

Mama amekimwagia kidonda mafuta ya taa. Anasema damu ilikuwa kidogo, na jeraha lisilo na damu halina neno. Asubuhi kabla sijaenda shule ameniomba nimvalishe mfuko wa plastiki mkononi na kuufunga kwa mpira kwenye kifundo, maana kwa mkono mmoja hawezi. Sokoni atasema anazuia utelezi.

Nimefunga. Mvua ilianza kabla hajafika njiani.

Jumatano, 20 Machi

Shangazi amesema leo wanawake wawili walikuja kazini na mifuko mikononi. Wanadai Mkono Mwepesi amegundua dawa ya utelezi wa kambare. Mama alicheka sana mbele yake. Shangazi alipotoka, hakucheka tena.

Ijumaa, 22 Machi

Nilikuwa nateka maji Shangazi akanijia, akaweka ndoo yake nyuma ya yangu.

"Mama yako anavaa mfuko wa nini?"

"Utelezi, Shangazi."

"Haya."

Nikadhani yamekwisha. Akakaa juu ya ndoo. "Unajua mama yako alipataje meza?"

"Alisubiri langoni."

"Alisubiri, ndiyo. Mvua kama hizi, Mama Pacha alichomwa na kambare. Akaficha. Alikuwa hodari kuliko wote, hata mama yako haoni ndani. Siku mkono uliponuka, Mama Mizani akamtoa, akanyoosha kidole langoni bila kutazama, na kidole kikamwangukia wifi yangu. Basi. Hakuiba. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kumtazama yule mwanamke usoni."

Nikauliza kwa nini ananieleza mimi.

"Nimekuona una masikio," akasema, akachukua ndoo yake ikiwa tupu, akasahau kwamba alikuja kuteka.

Usiku huu namfikiria Mama Pacha. Nimemwona miaka yote hiyo nikaona kijicho, kwa sababu niliambiwa ni kijicho.

Jumapili, 24 Machi

Nimepika mimi. Mama hawezi kushika mwiko. Kidole kimevimba mpaka ngozi inang'aa, na nikifungua mfuko kunatoka harufu ambayo sipendi kuiandika. Nilimwambia twende zahanati.

"Maji yakipungua nitakwenda."

"Yatapungua lini?"

"Mwanangu, pale langoni kuna watu wanaomwomba Mungu nikohoe tu. Nikitoka mezani wakati huu wa samaki, ada yako ya mtihani nitaitoa wapi? Baba yako analinda mali za watu, mali hizo si zake."

Tulikuwa tunanong'ona. Baba aligeuka kitandani, tukanyamaza. Yeye anamwona Mama jioni tu, mkono umefungwa kitambaa, akiuliza anaambiwa umekwaruzika.

Kesho nitaufunga tena mfuko. Sijui nifanye nini kingine.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Sikusikia somo hata moja.

Jumatano, 27 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, kwa hiyo mwandiko ni mbaya.

Niliporudi kutoka shule Mama alikuwa nyumbani, jambo ambalo si la kawaida saa hiyo. Amekaa chini, ameegemea mlango, amejifunika shuka na anatetemeka ilhali chumba kina joto. Nikadhani amerudi kupumzika. Kumbe amekuja kuchukua mfuko mwingine, ule wa asubuhi umepasuka. Mitumbwi mitatu imeingia kwa pamoja, akasema kwa mnong'ono, na Mama Mizani amewatangazia watu wote wawepo.

"Funga haraka, nirudi."

Nikakunjua shuka. Kutoka kwenye kidole gumba ulikuwa umetoka mstari mwekundu, umepanda kwenye mkono kama njia ya siafu, umepita kiwiko. Nilipogusa kwapa lake akaruka. Kulikuwa na mtoki mkubwa kama yai la kwale.

"Sifungi," nikasema.

"Funga."

"Sifungi, Mama."

"Punguza sauti, baba yako amelala."

"Mama, huu mstari unapanda."

"Nitafunga mwenyewe." Akaushika mpira kwa meno, ukamponyoka, akaushika tena. Mimi nimesimama. Kitinda amesimama pembeni ananong'ona, "Dada, msaidie Mama, dada, msaidie." Na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi tulivyo, watu watatu katika chumba kimoja tunabembelezana kwa heshima ya usingizi, na huku mtu anakufa kwa adabu.

Nikapiga kelele. Sikusema neno la maana. Nilisema "Baba!" kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Baba akatoka chumbani na rungu lake la kazini, macho nusu yamefungwa. "Wako wangapi?"

"Rudi ulale," Mama akamwambia. "Mtoto ameota."

"Mama anaoza mkono," nikasema, kwa sauti ileile, maana nilikuwa sijui tena jinsi ya kuishusha. "Ni siku kumi na moja sasa. Anaficha kwa sababu ya meza."

Baba aliutazama mkono kwa muda. Akaliweka rungu chini taratibu kama kitu cha kioo. Hakumgombeza. Alimbeba. Mama alikuwa anapinga, kisha akaacha kupinga, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Kabla hatujavuka mlango akanitazama juu ya bega la Baba.

"Umenimaliza," akasema.

Jioni

Shangazi amekuja na aproni yake ya kazi, ananuka samaki, amemwacha Kitinda kwa jirani. Sikumwita. Kelele zangu zilifika kwa watu, watu wakamfikishia.

Muuguzi alimtia Mama mkono kwenye beseni la maji ya moto ya kuvumilika, kisha daktari akachana. Baba alitoka nje. Mimi nilibaki kwa sababu Shangazi alinishika bega na hakuniachia. Wakatoa usaha, na ndani ya usaha, kwa kibano, wakatoa ncha ya mwiba. Ina meno madogo yaliyoelekea nyuma. Daktari akasema ndiyo maana ukimvuta samaki kwa nguvu, samaki anatoka na ncha inabaki.

"Mlimpaka nini?" muuguzi akauliza.

"Mafuta ya taa," nikasema.

"Mafuta ya taa ni ya taa. Angetia maji ya moto na sabuni siku ileile, akaja kwetu, angelala nyumbani kwake leo. Na huu mfuko? Mmekipika kidonda kama kitu cha mvuke."

Niliangalia sakafu. Aliyekuwa anaufunga ni mimi.

Daktari amesema atalazwa. Kuhusu kidole, hajui. Dawa zikishika, kitabaki. Zisiposhika, watakikata, na wakikata watakata kabla sumu haijapanda zaidi. Amesema haya kwa upole, kama mtu aliyeyasema mara nyingi.

Alhamisi, 28 Machi

Sikuenda shule. Mstari haujapanda, haujashuka.

Ijumaa, 29 Machi

Umeshuka chini ya kiwiko. Mama amelala uso ukutani.

Jumatatu, 1 Aprili

Kidole kitabaki. Daktari amesema huenda kisikunje kwa miezi, huenda kisikunje tena vizuri, lakini kitabaki. Baba alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili mpaka daktari akacheka.

Na nafasi ya mezani imekwenda. Mama Mizani alinyoosha kidole langoni siku ileile tuliyompeleka Mama zahanati, na safari hii kidole kimemwangukia Mama Pacha.

Shangazi ndiye aliyemwambia Mama. Mvua ya leo ilinyesha jua likiwaka, na Kitinda akafurahi peke yake.

Jumatano, 3 Aprili

Mama yuko nyumbani. Hasemi na mimi. Akitaka kitu humwambia Kitinda: "Mwambie dada yako alete maji." Kitinda anageuka, hatua moja kutoka kwangu, ananong'ona: "Mama anasema ulete maji." Nami namwambia Kitinda amwambie Mama kwamba nimesikia.

Alhamisi, 4 Aprili

"Mwambie dada yako chumvi imezidi."

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda sokoni kuchukua kisu cha Mama na aproni yake. Nilijiapia njia nzima kwamba sitamwamkia Mama Pacha. Nilimkuta pale pale mahali pa Mama, amesimama mkao uleule.

Nikainama kuchukua kisu. Akasema, "Binti, hujaniamkia leo."

"Shikamoo," nikasema kwa ncha ya ulimi.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kidole kimebaki."

Akaweka samaki chini. Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya meza, ule ambao siku zote unakaa ndani ya mtandio. Kidole cha shahada kimekatwa kwenye kiungo cha kwanza. Cha kati kimejikunja ndani ya kiganja hakinyooki, kimekuwa kama ndoana. Kumbe anashika kisu kwa mkono wa kushoto.

"Mimi nilificha mpaka wakanikuta nimeanguka njiani," akasema. "Nilikuwa na mume, nilikuwa na dada zangu, tulikaa nyumba moja. Wote walisikia harufu. Hakuna aliyepiga kelele." Akachukua samaki wake. "Wewe walikusikia mpaka huku. Kuna mtu alituuliza kama ni moto."

Wanawake wengine wakacheka kidogo. Shangazi hakucheka. Alikuwa anavunja miiba, mmoja baada ya mwingine, na kuitia ndani ya kopo lenye kifuniko ili isimchome anayefagia. Nimepita meza ile miaka yote na sikujua kopo lile ni la nini. Nilidhani anaweka kitu cha kuuza.

Niliondoka nimeamkia watu wote.

Jumapili, 7 Aprili

Nilikuwa nasoma, Mama anajaribu kukunja kidole juu ya goti lake. Hakikunji. Nilimweleza Kitinda kwa sauti, ili Mama asikie, yale aliyosema Mama Pacha, neno kwa neno. Kitinda akaanza kumnong'oneza Mama yote upya, akakwama katikati.

"Nimesikia," Mama akamwambia Kitinda.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua ndefu ya kuchosha, haina radi wala haraka. Baba amenunua dawa za wiki. Nilipomaliza kuosha vyombo nilikuta Mama amekaa karibu na meko, anatazama mlangoni, si mimi.

"Umekula?" akauliza.

Nikamtazama Kitinda. Kitinda alikuwa amelala.

"Bado, Mama."

"Kula. Mtihani hauandikwi na tumbo tupu."

Chakula kilikuwa kimepoa, nimekimaliza chote.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama ameamka alfajiri akaenda kusimama langoni. Baba alimwambia mkono haujapona. Akasema, "Naenda kusimama. Kusimama hakuhitaji mkono."

Jumamosi, 20 Aprili

Leo niliona mwenyewe, na nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Nilimkuta Mama langoni na bendeji yake nyeupe, hajaificha. Gunia likaja. Likafunguliwa mdomo, mikono ikaanza kukimbilia, na Mama, kutoka langoni, akasema kwa nguvu, "Subirini!"

Hawakusubiri. Mmoja akapiga yowe akatoa mkono. Perege tu, mkwaruzo, lakini damu ikatiririka. Mama Mizani akamtazama yule mwanamke, akatazama langoni. Tayari anakikunjua kile kidole chake cha kunyoosha.

Mama akaingia. Mtu wa langoni haingii. Akamwambia Mama Pacha, na nadhani ni mara ya kwanza kumtazama usoni, "Shika pembe hiyo." Mama Pacha akashika. Shangazi akashika nyingine bila kuambiwa. Wakalimwaga gunia lote chini, juu ya turubai lililotandikwa kando ya meza.

"Mnanichafulia samaki!" Mama Mizani akafoka. "Wanunuzi wangu hawali mchanga!"

"Turubai nimeliosha mimi jana," Mama akasema. "Lioshe na wewe kesho."

"Na muda je? Hasara ya jua atanilipa nani?"

"Mama, umetoa watu wangapi mezani hapa? Kila ukitoa mmoja, anayeingia anafundishwa na nani? Hesabu huo muda pia."

Kulikuwa na fimbo ya kufungia lango. Mama akaishika kwa mkono wa kushoto, akaanza kugeuza samaki mmojammoja, polepole, kama anayechambua mchele. Chini ya perege walikuwamo gogogo wawili waliokufa miiba juu. Chini kabisa, amejikunja kama mkanda na kutulia kimya, kamongo. Fimbo ilipomfikia, akaiuma. Tukasikia meno yakigonga mti. Hata Mama alipoinyanyua, hakuachia, akaning'inia hapo hewani mbele ya wote.

Kila mtu alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe.

"Haya, Koleo," mmoja akasema mwishowe, "msalimie."

Shangazi akaja na gunia lililolowa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama Mizani amesema ni majaribio tu. Kila anayepara atamwachia Mama samaki mmoja wa kati kwa kila gunia analochambua. Mama hatakaa mezani. Atasimama nje ya meza na fimbo.

Nilimuuliza kama anasikitika.

"Mgongo unaniuma," akasema. "Kuinama na fimbo si mchezo." Baadaye akaongeza, "Nilikuwa napenda kuwa wa kwanza."

Jumanne, 30 Aprili

Shangazi amechoka, Mama amechoka, Baba amechoka. Mimi nimemaliza kurudia sayansi yote. Mvua inapungua.

Jumatatu, 6 Mei

Mtihani umeanza leo. Niliamka na Mama, nikapitia sokoni kwa sababu nilitaka kumwona kabla ya kuingia chumba cha mtihani, na kwa sababu njia ya juu bado ina tope.

Gunia lilikuwa limekwisha kumwagwa. Wanawake wa mezani wameshasogea, wamesimama kulizunguka turubai, aproni zimefungwa, mikono nyuma au kiunoni. Mama anageuza. Bado uso wake una uchovu wa mtu aliyeamka kabla ya ndege, na kidole gumba chake kimenyooka pembeni hakijui pa kukaa.

Akaja Mama Mizani kutoka kwenye mizani yake. Alikuwa na mnunuzi, mtu mwenye haraka na kapu zuri, na katikati ya turubai alikuwamo kambare mmoja mkubwa, mweusi, anayeng'aa, ambaye kila mtu alikuwa ameshamwona. Mama Mizani akavuka wanawake wawili, akainama, akapeleka mkono.

"Bado," Mama akasema.

Hakupaza sauti. Alisema vile tunavyosema nyumbani mchana. Mkono wa Mama Mizani ulisimama hewani juu ya samaki wake mwenyewe, katika soko lake mwenyewe, mbele ya mnunuzi. Mama hakumtazama. Akapitisha fimbo chini ya ubavu wa kambare, akamgeuza, akatazama upande wa pili, akamwondoa gogogo mmoja mdogo aliyekuwa amelaliwa hapo chini, miiba imesimama.

Mama Mizani akaurudisha mkono wake. Akaufuta kwenye aproni, ingawa haukuwa umegusa kitu.

Mama akamaliza hadi mwisho wa turubai, akaegemea fimbo.

"Haya," akasema. "Ingieni."